Ufa ndani ya telefone: juu ya nini "mise à jour" inahusu mchimbaji wa Kamituga

Ku Kamituga telefone si kitu cha kujipamba tena. Mchimbaji anauzisha gramu zake asubuhi, mchana anatuma minerval ya mtoto anayesoma Bukavu, jioni anapokea picha ya mjukuu aliyezaliwa kule Mwenga. Yote inapita ndani ya kifaa kimoja kidogo ambacho usiku kinalala chini ya mto. Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa katika Congo mwaka 2012, na pamoja na Airtel Money na Orange Money, mkoba wa watu wengi umehama kutoka mfukoni ukaingia ku telefone.

Mkoba ukihama, mwizi naye anahama. Wote tunamjua yule anayepiga simu akijifanya ni wakala, akikuomba kode ya siri. Huyo anakuja mlangoni, anabisha, na wewe unaweza kumfukuza. Leo tunataka kuzungumza juu ya mlango mwingine, ule ambao habishi mtu. Uko ndani kabisa ya telefone, mahali ambapo hata fundi wa telefone hafiki na bisibisi yake. Na dawa yake njo lile neno linalotokea ku ekrani na ambalo wengi wetu tunalifuta kwa kidole bila kulisoma: "Mise à jour disponible".

Depo moja, mashimo mengi

Munajua vile kazi inaendeshwa ku carrière. Kila shimo liko na PDG wake na timu yake, lakini si kila shimo liko na pompe yake. Pompe moja inaweza kuvuta maji ya mashimo matano. Ikiwa nzima, wote wanatumika. Ikipasuka mpira, wote watano wanalowa, hata yule ambaye hakuigusa.

Telefone imejengwa vilevile. Ndani yake kuko programu mingi: WhatsApp, ile ya kuangalia picha, ile ya kusikiliza muziki, ile ya kusoma kurasa za intaneti. Lakini kila programu haifanyi kazi yote yenyewe. Kazi ya kufungua video, kwa mfano, ni ngumu, na waliotengeneza telefone hawakutaka kila programu iivumbue upya. Wakaweka chombo kimoja katikati ya mfumo, chini ya programu zote, na wakasema: mwenye kutaka kufungua video aje hapa. Chombo cha namna hii wenyewe wanakiita maktaba, ila si maktaba ya vitabu. Ni depo ya vyombo ambavyo wote wanaazima.

Ku telefone za Android, ambazo ni nyingi kuliko zote hapa kwetu, maktaba ya video na muziki iliitwa libstagefright. Ukipata Tecno, Itel, Infinix ao Samsung ya miaka ile, yote ilikuwa nayo. Rangi tofauti, bei tofauti, lakini pompe ni moja.

Mwaka 2015: video ambayo haifunguliwi

Mwanzoni mwa mwaka 2015, Mmarekani mmoja anayeitwa Joshua Drake, mtafiti wa kampuni ya usalama Zimperium, alikaa akaanza kusoma maandishi ya ile maktaba, mstari kwa mstari. Android inaruhusu hivyo: maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Alichokikuta si ufa mmoja. Zilikuwa nyufa saba.

Drake hakwenda sokoni kuziuzisha. Mwezi wa nne aliandikia Google, akawaonyesha nyufa na hata akawatumia viraka alivyoshona mwenyewe. Google ikavikubali na kuvitia ndani ya maandishi yake kwa siku mbili tu. Kisha tarehe 27 Julai 2015 habari ikatangazwa mbele ya dunia nzima, na mwezi wa nane Drake akaifafanua mbele ya mafundi wenzake kule Las Vegas. Zimperium ilikadiria kwamba telefone zenye ufa zilifika milioni 950, sehemu 95 kwa mia ya Android zote za wakati ule, kuanzia toleo 2.2 mpaka 5.1.

Watu waliogopa juu ya nini? Kwa sababu mshambuliaji hakuhitaji kitu isipokuwa namba yako. Alitengeneza video yenye sumu, akaituma kwa ujumbe wa MMS. Ku telefone mingi, ujumbe ukifika tu, mfumo unaanza kuitayarisha video ile mapema, ili ukiifungua isichelewe. Kwa kuitayarisha, tayari maktaba imeigusa, na sumu imeingia. Umelala, telefone iko ku chaji, haukubonyeza kitu chochote. Mshambuliaji angeweza hata kufuta ujumbe ule kabla haujaamka.

Akiingia anapata nini? Maktaba ile ilikuwa na ruhusa kubwa: kusikiliza kwa mikro, kutazama kwa kamera, kusoma picha zilizo ku carte mémoire. Ku telefone zingine, ruhusa yake ilikuwa karibu sawa na ya mfumo wenyewe. Mwenye kushika pompe anaweza kufika ku mashimo yote.

Hapa kuko mtu atasema: sisi hatutumiani MMS. Ni kweli, Kamituga tunatumia WhatsApp. Lakini MMS ilikuwa njia moja tu kati ya njia zaidi ya kumi ambazo watafiti walitaja. Video uliyopakua ku intaneti, ukurasa uliofungua, faili iliyokuja kwa Bluetooth, yote inapitia maktaba ileile. Na ile carte mémoire unayopeleka kwa kijana wa kabini akuwekee filamu na muziki? Ukiirudisha ndani, telefone inaanza yenyewe kuhesabu kila faili ili ikuonyeshe orodha. Kuhesabu kule nako kunapitia kwenye maktaba.

Hata muziki peke yake haukuwa salama. Tarehe 1 Oktoba 2015 Zimperium ilirudi na nyufa mbili zingine, na moja ilikuwa ku maktaba nyingine ya ndani zaidi, libutils, ambayo ilikuwa karibu ku Android zote tangu ile ya kwanza ya mwaka 2008. Safari hii hata faili ya MP3 ingeweza kubeba sumu.

Kaunta inayorudi ku ziro

Ufa wenyewe ulikuwa wa namna gani? Tuseme kwa mfano wa pikipiki. Kaunta ya moto iko na namba tano. Ikifika 99.999, kilomita inayofuata haiandiki 100.000, kwa sababu nafasi ya namba ya sita haipo. Inarudi 00.000. Moto imechoka, injini imekongoroka, lakini kaunta inasema ni mpya.

Kompyuta nayo iko na kaunta kama hiyo. Namba nyingi katika maktaba ile ziliwekwa ku nafasi inayoishia 4.294.967.295. Ongeza moja, inarudi ziro. Sasa faili ya video inapofika, inajitangaza yenyewe kwanza: "Mimi nina sehemu ya ukubwa huu, na nyingine ya ukubwa huu." Maktaba inajumlisha zile namba, kisha inatayarisha ndoo ya kutosha. Mshambuliaji anaandika namba kubwa kwa kusudi, ili jumla ipite mwisho wa kaunta na irudi kuwa ndogo. Maktaba inaamini, inaleta ndoo ndogo, kisha inamimina ndani mzigo mkubwa.

Mzigo unamwagika. Ndani ya kompyuta kilichomwagika hakiendi chini, kinaangukia ku ndoo za jirani, pale ambapo telefone imeandika amri zake yenyewe. Mshambuliaji akipima vizuri, maneno yake yanakaa mahali pa zile amri, na telefone inaanza kuyatii. Kosa lote ni hili: mtu aliamini kipimo alichotangaziwa na mgeni, hakupima mwenyewe. Mchimbaji yeyote aliyepeleka zahabu yake ku balance ya mtu mwingine anaelewa hilo bila kuelezwa mara mbili.

Kiraka cha kwanza kilitoboka

Kiraka cha ufa kama huo ni kifupi. Kimoja kati ya viraka vya Drake kilikuwa cha mistari minne tu: kabla ya kuleta ndoo, hakikisha jumla haikupita mwisho wa kaunta, ikipita, kataa faili.

Lakini mistari minne nayo inaweza kubeba kosa. Mwezi wa nane mwaka ule, mafundi wa kampuni nyingine, Exodus Intelligence, walionyesha kwamba kiraka kimoja hakikuziba vizuri. Kulikuwa na aina ya namba ndefu zaidi ambayo mlinzi mpya hakuambiwa aikague, na ikapita mbele ya macho yake. Wakatengeneza video, wakaijaribu ku telefone iliyokwisha kutiwa kiraka, na telefone ikaanguka. Ilibidi Google ishone kiraka juu ya kiraka na kukituma tena.

Tunaieleza habari hii kwa sababu watu wengi wanasema: "Nilifanya mise à jour mwaka jana, yatosha." Boisage haiwekwi mara moja kwa maisha yote ya shimo. Mti unaoza, udongo unasukuma, na chef d'équipe mwenye akili anaukagua kila mara kabla ya watu kushuka. Telefone nayo inadai vilevile.

Njia ndefu mpaka Kamituga

Google ilitia kiraka ndani ya maandishi yake kwa siku mbili. Je, kilifika Kamituga kwa siku ngapi?

Zahabu yetu inapanda ngazi: kutoka kwa mchimbaji kwenda kwa PDG, kisha kwa négociant, kisha ku comptoir Bukavu, kisha nje ya inchi. Kiraka nacho kinashuka ngazi, ila kwa kinyume. Google inakishona. Kiwanda kinachotengeneza moyo wa telefone, kama Qualcomm ao MediaTek, kinakipatanisha na chombo chake. Kampuni yenye jina ku mgongo wa telefone inakipatanisha na modeli zake, moja baada ya nyingine. Katika inchi zingine hata kampuni ya mtandao inataka kukijaribu kwanza. Mwisho kabisa njo wewe, na mega zako, na chaji yako.

Ku kila ngazi mtu anaweza kusema: modeli hii ni ya zamani, ni ya bei ya chini, haileti faida, tuiache. Wala hakuna anayekwambia kwamba umeachwa. Telefone inaendelea kuwaka, inaendelea kupiga simu, na ufa unabaki. Ni hapo tofauti kati ya tajiri na maskini inaonekana. Mwezi wa kumi mwaka 2023 Google iliahidi kwamba telefone yake Pixel 8 itapata viraka kwa miaka 7, na mwanzo wa mwaka 2024 Samsung ikaahidi hivyohivyo kwa Galaxy S24. Hizo ni telefone za mamia ya dola. Ile ya bei ndogo inayopangwa ku meza za soko mara nyingi inapata viraka vya muda mfupi, na zingine hazijapata hata kimoja tangu zitoke ndani ya sanduku.

Ulaya imetunga sheria juu ya jambo hili. Tangu tarehe 20 Juni 2025, telefone mpya inayouzishwa kule lazima iendelee kupata viraka walau miaka 5 baada ya modeli ile kuacha kuuzishwa. Hiyo ni sheria ya soko la Ulaya, haishuki mpaka ku meza za Kamituga. Lakini inaonyesha kwamba kampuni zikilazimishwa, zinaweza.

Na kuko hatari nyingine ya ngazi hizi: mtu katikati anaweza kutia kitu kibaya. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream, pamoja na waandishi wa BuzzFeed News, walieleza kwamba ku telefone za Tecno W2 zilizouzishwa katika inchi kama Ethiopia, Cameroon, Ghana na Afrika Kusini, kulikutwa programu ya wizi inayoitwa Triada. Ilikuwa ndani tangu sanduku linafunguliwa, na ilikuwa inaandikisha watu ku huduma za kulipia bila wao kujua, ikila franga zao polepole. Transsion, kampuni ya Kichina yenye Tecno, ilisema kosa lilikuwa la mtu mmoja katika mnyororo wa wauzaji, na kwamba ilikwisha kutoa kiraka. Tena kiraka, na tena swali lilelile: kilifika kwa nani?

Je, kuna aliyeibiwa?

Tuseme kweli, pande zote mbili. Mkubwa wa usalama wa Android, Adrian Ludwig, alisema mwaka 2017 kwamba hawakuona hata mtu mmoja aliyethibitishwa kuwa alishambuliwa kwa njia ya Stagefright. Google ilieleza kwamba telefone nyingi zilikuwa na kinga nyingine: mfumo unachanganya mahali pa kila kitu ndani ya kumbukumbu, hivi mwizi akiingia gizani hajui sanduku liko wapi. Kinga hiyo ilisaidia. Lakini mwezi wa tatu mwaka 2016 watafiti wa NorthBit, kampuni ya Israel, walionyesha kwamba inaweza kuzungukwa: mtu anafungua ukurasa wenye video, na ndani ya muda mfupi telefone imekamatwa.

Na nyufa za namna hiyo zilitumika kweli mahali pengine, tena karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Mwezi wa tano mwaka 2019 WhatsApp iliomba watumiaji wake wote, bilioni moja na nusu, kufanya mise à jour haraka. Ufa ulikuwa ku sehemu ya simu: mtu akikupigia, hata usipojibu, programu ya upelelezi Pegasus ya kampuni NSO ingeweza kuingia. WhatsApp ilihesabu watu karibu 1.400 walioshambuliwa hivyo, ikaipeleka NSO mahakamani kule California. Magazeti ya Uingereza yalieleza kwamba kati yao kulikuwa Wanyarwanda wapinzani wanaoishi uhamishoni. Serikali ya Kigali ilikana kuitumia programu hiyo. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, ufa mwingine ukatangazwa ku WhatsApp, na huu ulipita kwa faili ya video ya MP4, karibu sawa na hadithi ya Stagefright.

Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya picha. Maktaba inayoitwa libwebp, ambayo inafungua picha za aina ya WebP, ilikutwa na ufa ambao tayari kulikuwa watu wanautumia. Apple pamoja na Citizen Lab ya chuo kikuu cha Toronto, Canada, waliutangaza kwa Google tarehe 6 Septemba, na siku tano baadaye Chrome ilipata kiraka. Lakini maktaba ileile ilikuwa imeazimwa na programu mingi sana, na kila mmoja ilibidi akimbie kubadilisha pompe yake.

Mtu wa Pegasus hatafuti mchimbaji wa Kamituga. Anatafuta wakubwa, wanasiasa, waandishi. Hilo ni kweli. Ila kiraka kikitoka, ufa unakuwa wazi kwa wote, kwa sababu kila fundi anaweza kulinganisha maandishi ya zamani na mapya na kuona kilichozibwa. Kuanzia siku ile, ufa ambao jana ulijulikana na wachache wenye pesa, leo unajulikana hata na wezi wadogo. Kwa hiyo siku ya kutoka kwa kiraka, aliyekiweka anakuwa salama zaidi, na asiyekiweka anakuwa katika hatari zaidi kuliko jana.

Kilichobadilika tangu pale

Kuko habari njema. Stagefright iliamsha watu. Agosti 2015, Google ilianza kutoa viraka vya usalama kila mwezi, na Samsung na LG zilitangaza wakati uleule kwamba zitafuata. Mbele ya pale hakukuwa na kawaida hiyo.

Mwaka 2016, ku Android 7, maktaba ya video ilikatwa vipande vipande. Kipande kinachofungua video hakina tena ruhusa ya kamera, na cha kamera hakina ruhusa ya faili. Mwizi akipasua chumba kimoja, anakuta ukuta mwingine mbele yake.

Na mwaka 2019, ku Android 10, kitu kikubwa kilifanyika kwa ajili ya watu wa mbali kama sisi. Vipande vingine vya mfumo, na kati yao vile vya kufungua video na muziki, sasa vinaweza kupata kiraka moja kwa moja kutoka Google kupitia Play Store, bila kungojea kampuni ya telefone. Ngazi nyingi zimerukwa. Ni kama barabara iliyofunguliwa kutoka Bukavu mpaka ku mlango wako, bila barrière njiani.

Tufanye nini hapa kwetu?

Kwanza, jua telefone yako iko wapi. Fungua "Paramètres", shuka mpaka "À propos du téléphone", kisha "Version d'Android". Hapo utaona namba ya Android, na chini yake tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa namba ni 10 ao zaidi, utaona pia "Mise à jour du système Google Play". Bonyeza pale, iache itafute. Ikiwa tarehe ya kiraka ni ya miaka miwili ao mitatu nyuma na telefone haikuletei kingine, ujue umekwisha kuachwa.

Pili, mega. Kiraka cha mfumo kinaweza kula mamia ya mega, na si kila mtu anaweza kulipa. Basi panga: ukishuka Bukavu, ao ukiwa kwa ndugu mwenye wifi, fanya kazi hiyo siku ile, chaji ikiwa juu ya nusu. Kama mega ni kidogo, anza na programu mbili: WhatsApp na Chrome. Mlango mkubwa wa vitu vya wageni njo hizo mbili.

Tatu, ku WhatsApp ingia "Paramètres", kisha "Stockage et données", na uzime kupakua video peke yake. Utaokoa mega, na tena video ya mtu usiyemjua haitaingia ku telefone bila wewe kusema ndiyo.

Nne, usipokee "mise à jour" ambayo mtu amekutumia ku WhatsApp ao ku carte mémoire. Kiraka cha kweli kinatoka ku Play Store ao ku "Paramètres" za telefone yenyewe. Faili inayozunguka mtaani ikiitwa "WhatsApp mpya yenye rangi ya dhahabu" ni mwizi aliyevaa koti la polisi.

Tano, tenganisha mkoba na michezo. Kama telefone yako imeachwa bila viraka na huna njia ya kununua nyingine, weka SIM ya franga ndani ya telefone ndogo ya bouton, ile ya torche. Haina libstagefright, na kwa kazi ya kutuma na kupokea franga inatosha. Telefone kubwa ibaki ya picha, muziki na masolo. Mama anayetwanga mawe na mwenye akiba yake ndogo hana lazima ya kuwa na Pixel ili awe salama. Ana lazima tu ya kutoweka akiba yake ku chumba kimoja na wageni.

Sita, ukinunua telefone ya mitumba, ile inayotoka Dubai ao Kampala, usiulize kamera tu. Uliza namba ya Android na tarehe ya kiraka, uiangalie mwenyewe mbele ya muuzaji. Muuzaji atashangaa siku ya kwanza. Wanunuzi kumi wakiuliza, siku ya kumi na moja atakuwa anaziangalia yeye mwenyewe kabla ya kuzileta.

Na kwa nyinyi vijana wa kabini, mafundi wa telefone ku Kamituga, Mwenga na Lugushwa: munashika telefone za watu wote. Munaweza kuwa ndiyo ngazi ya mwisho ya kiraka. Mteja akileta telefone kubadilisha ekrani, muangalieni pia tarehe yake na mumwambie. Ni dakika mbili, na inaweza kuwa kazi ya kulipwa.

Ndani ya kila telefone kuko zahabu kidogo, chini ya sehemu ya kumi ya gramu, iliyopakwa pale ambapo waya zinakutana ili zisipate kutu. Kuko pia tantale, ile inayotoka ku coltan. Pengine chembe moja ilitoka ku mlima wetu, ikapanda ngazi zote, ikazunguka dunia, ikarudi ku soko ndani ya sanduku. Mlima ulifanya kazi yake, na mikono yetu ilifanya yake. Haki yetu ni kwamba kifaa kinachorudi kiwe kizima, na kwamba ufa ukionekana ndani yake, kiraka kifike mpaka hapa. Mpaka siku ambayo sheria italazimisha hivyo, tusikifute kwa kidole kile kinachokwisha kufika.